Kapusini Wawili

Kifaransa kina ugonjwa mmoja ambao Kiswahili, Mungu asifiwe, hakikuambukizwa: kila kitu lazima kiwe mume au mke. Meza ni mke. Kitanda ni mume. Ziwa letu lote hili ni mume, lakini mvua inayoanguka ndani yake ni mke. Nani alikwenda kuangalia? Masista walinipiga rula kwenye vidole miaka na miaka kwa ajili ya *le* na *la*, na hata leo, nikiwa bibi wa kugombeza wajukuu, nikiandika Kifaransa bado nasimama katikati ya mstari na kujiuliza. Ningeyachukua haya kama utani tu, kama si siku ile *le* na *la* zilipotaka kuninyang'anya darasa langu.

Ilikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Mji wetu bado ulikuwa na jina la kizungu. Kalemie, jina lake la leo, lilikuwa bado jina la mto tu. Walimu Wabeleji walikuwa wamefunga masanduku karibu wote, na shule zilimkamata yeyote aliyejua kushika chaki. Mimi nilikuwa nimemaliza kwa masista, sijafika hata miaka ishirini, nikapewa wasichana wa mwaka wa pili. Walikuwa watoto wa watu wa reli, wa bandari na wa wavuvi, wamebanana kwenye benchi moja na kugombania kipande kimoja cha kalamu. Diregiteri wa shule alinikabidhi darasa akasema, "Ni kwa muda tu, Mamuzele, mpaka inspekteri akuthibitishe, ao apatikane mwingine." Mamuzele ndivyo tulivyoitwa walimu wasichana wote, yaani *mademoiselle* iliyochoka kutembea. Jina halikunisumbua. Lile "kwa muda" ndilo lililonikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nililipenda darasa lile, niseme wazi. Nyumbani hakukuwa na kitu kilichokuwa changu. Mkeka nililalia pamoja na wadogo zangu, kitenge kilikuwa cha Mama kabla hakijawa changu, na sahani yangu ilikuwa ya yeyote aliyeikuta kwanza. Lakini asubuhi nikisukuma mlango ule uliokwaruza sakafu, wasichana wote wanasimama, wananitazama, wananingoja mimi. Nani angekubali kuachia kitu kama hicho? Mimi? Aka!

Papa alikuwa mtu wa reli. Lakini njia ilikuwa imekatika upande wa Kongolo, treni zikawa zinakwenda siku zinapojisikia, na Papa alivaa kofia yake ya kazi kila asubuhi, akaenda stesheni, akakaa na wenzake kwenye kivuli cha bohari, akarudi. Siku nyingine bunduki zilisikika mjini na tulikula kwa haraka, milango imefungwa. Majirani walianza kupungua. Mmoja anavuka kwenda Kigoma "kusalimia ndugu" na kuku wake wote. Unajua huyo harudi kesho. Mama alikuwa Mutabwa wa Kirungu, kule juu katika milima ya Marungu, kwenye baridi na maharage mazuri, ambako bunduki ilikuwa bado ni habari ya kusimuliwa. Papa akaamua: mpunga wa Mama ukishakauka, sisi wote tutapanda meli mpaka Moba, halafu tupande mlima kwa wakwe zake.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe si muntu wa nyumba hii?"

"Niko na darasa."

"Darasa la kuazima."

Weee! Nilisimama na mkono bado umeshika tonge. Nilisema maneno ambayo musichana hamwambii baba yake, na Papa alijibu maneno ambayo jirani wa tatu aliyasikia. Mama ndiye aliyeingia katikati, kwa sauti ya chini kama desturi yake. Mwishoni Papa akatoa neno. Inspekteri akinithibitisha, nitabaki mjini na kulala kwa shangazi yangu karibu na misioni. Asiponithibitisha, nitafunga nguo zangu na kupanda mlima na wengine, bila kelele. Papa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, na yeye akiogopa alifoka.

Basi nikawa namngoja inspekteri kama mgonjwa anavyomngoja daktari, kwa hamu na kwa kiherehere.

Alasiri moja, mwezi wa tano, mvua zimekwisha na upepo wa ziwa umeanza kukauka, sentineli, yaani mlinzi wa shule, alikuja nyumbani. Alisimama uani kama askari.

"Mamuzele, diregiteri amesema kesho inspekteri njo anakuja kwako. Somo la vitu. Kapusini."

"Kapusini gani?"

"Amesema Kapusini."

"Nimesikia. Lakini Kapusini njo nini?"

"Mamuzele, mimi nimebeba neno kama nilivyopewa. Sikulifungua."

Nikamwambia arudi akamuulize diregiteri. Akasema diregiteri amekwisha kwenda bandarini kumpokea mgeni, na watakula pamoja, na mtu mwenye akili haendi kuuliza maswali mbele ya sahani ya mkubwa wake. Akaondoka, akaniacha na neno langu mkononi.

Somo la vitu, kwa wasiolijua, ni lile somo ambalo mwalimu haruhusiwi kusimulia hewani. Lazima kitu chenyewe kiwe mbele ya macho ya watoto, jiwe ni jiwe, samaki ni samaki. Watoto wanakitazama, wanakigusa, wanakinusa, na wao wenyewe wanasema wamegundua nini. Sasa Kapusini utamweka vipi mezani?

"Kapusini ni padri," akasema Papa, aliyekuwa anajifanya hasikilizi. "Niliona mumoja zamani, alipita na treni. Ndevu mpaka hapa. Joho la rangi ya udongo, na kofia imeshonwa nyuma ya shingo, akitaka anajifunika nayo."

"Heh!" Mama akaacha kupepeta. "Na padri wa kupeleka darasani utamutoa wapi, binti yangu? Utamufunga kamba?"

Tukacheka wote watatu, hata Papa, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wetu. Na katikati ya kicheko, ile kofia ya nyuma ya shingo ilinifungua kichwa. Sista mmoja alikuwa na picha za ndege ukutani, na chini ya kidege kimoja kidogo, kichwa cheusi, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, alikuwa ametuandikia *le capucin*. Alitueleza kuwa kinaitwa hivyo kwa sababu kinaonekana kimejifunika kofia ya padri. Kumbe! Kapusini ni ndege, na ndege mwenyewe alikuwa pale pale, mbele ya macho yangu, na wenzake kumi, wakila mpunga wa Mama uliotandazwa uani.

Mama hakuwa na jina la ndege hawa isipokuwa moja: wezi. Tangu utoto wake amewafukuza kwa mawe, kwa makopo, kwa laana za Kitabwa. Nilipomwambia namtaka mmoja akiwa hai, alishika kiuno.

"Miaka yote nawafukuza, leo unanituma niwakaribishe."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone, Mama."

"Mwenyeji gani atapona na hawa?" Lakini alikuwa amekwisha kugeuza kapu.

Tulilisimamisha kwa kijiti, tukafunga kamba kwenye kijiti, tukamwaga mpunga chini yake, halafu mimi na Mama tukalala kifudifudi nyuma ya mlango wa jiko kama watoto. Mama alishika kamba. Hakukubali kuniachia. Ndege walikuja, wakaruka, wakarudi. Mama akavuta, kapu likaanguka, na mmoja akabaki ndani akipiga mabawa. Nilipomshika, nilishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Sikuhisi uzito wowote, nilihisi moyo tu, unakimbia ndani ya ngumi yangu. Mama akamgusa kichwani kwa kidole kimoja.

"Kumbe mwizi ni muzuri," akasema, kama aliyekasirishwa na habari hiyo.

Asubuhi nilimpeleka shuleni ndani ya kikapu kidogo chenye kifuniko, kimefunikwa kitambaa. Niliwaambia wasichana: leo mgeni akija, anayejikuna atanijua. Na wao, masikini, walikaa wamenyooka mpaka nikawaonea huruma.

Inspekteri aliingia na diregiteri nyuma yake. Alikuwa mtu wetu, si mzungu, miaka michache tu kabla ya hapo alikuwa anapiga chaki kama mimi huko kwao Kongolo. Sasa alikuwa na tai na miwani, na hakusema Kiswahili hata kwa bahati mbaya. Mkononi alibeba kopo la maziwa lenye maji, na ndani ya kopo, maua. Maua ya rangi ya machungwa na mengine mekundu, na majani ya mviringo kama vifuniko vya sufuria. Niliyajua kwa macho. Yalitambaa kwenye ukuta wa bustani ya masista, na sisi wanafunzi tuliyaita maua ya masista, hatukuwa na jina lingine. Akaliweka kopo juu ya meza yangu, taratibu, akanitazama.

Mimi nikaona: kumbe ni mtu mwenye adabu! Mgeni haendi mikono mitupu. Nikapiga goti kidogo, nikasema, "*Merci, Monsieur l'Inspecteur*, mazuri sana," nikachukua kopo, nikaliweka dirishani ili lisinizuie kazi. Diregiteri alinyoosha mkono kuelekea kopo, akaurudisha. Halafu nikaleta kikapu, nikatoa kitambaa na kifuniko, nikainua mkono wangu na ndege ndani yake.

"*Le capucin*," nikasema, kwa sauti nzuri niliyoiandaa tangu nyumbani.

Inspekteri akavuta miwani mpaka ncha ya pua.

"*Mademoiselle*," akasema inspekteri, pole pole, kama mtu anayemwita mbuzi atoke shambani bila kukanyaga mimea, "nilisema *la*. *La capucine*." Na akaonyesha kidole dirishani.

Nilielewa vyote kwa mara moja, na kuelewa kule kulikuwa kama maji baridi. Yeye alimwambia diregiteri *la capucine*, ua. Diregiteri akamwambia sentineli kwa Kiswahili, na Kiswahili hakijui ua ni mke na ndege ni mume. Kikawaweka wote ndani ya mfuko mmoja, Kapusini, na sentineli akaniletea mfuko bila kuufungua. Nikamwona Papa na meli na mlima wa Kirungu. Nikawaza, basi, kwisha, nimefukuzwa na kiherufi.

Diregiteri akaanza kutoa jasho na udhuru kwa Kifaransa. Inspekteri akatoa kalamu mfukoni. Ile kalamu ndiyo iliyoniamsha, kwa sababu ilinikasirisha. Hasira zangu zimeniponza mara nyingi maishani, lakini siku ile zilinibeba. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikajiambia. Nikaenda dirishani, nikarudisha kopo mezani, nikamrudisha ndege ndani ya kikapu kifuniko kikiwa nusu wazi ili kichwa kionekane, nikaviweka viwili hivi bega kwa bega.

"Watoto," nikasema, "hawa wote wawili wanaitwa Kapusini. Niambieni kwa nini."

Walitazama. Mtoto akitazama kwa kweli hupanua hata mdomo. Mmoja akasema ndege amevaa kofia nyeusi. Nikasema ndiyo, na ua? Wakakaribia. Mwingine, binti wa mvuvi, mwenye vidole visivyotulia, akaligeuza ua na kukuta nyuma yake ule mkia mwembamba uliochongoka. "Na yeye iko na kofia, Mamuzele! Lakini ameitupa nyuma!" Nikamwambia aliume jani. Akaliuma, akafumba macho, akapiga kelele, "Pilipili!" Basi kila mmoja akataka kuuma, na kwa dakika moja nilisahau kuwa kuna mtu wa tai chumbani.

Wakaendelea wenyewe, mimi nikiwachokoza tu. Ndege anasema, tsri, tsri, si wimbo mkubwa, kama mtu anayesaga meno. Ua halisemi, lakini lina harufu. Ndege anatafuta chakula. Ua linangoja kumwagiliwa. Ukimwaga tone la maji juu ya jani linakimbia lote, halikai, na ndege naye, tulipomdondoshea tone, alilikung'uta vile vile. Ndege ni wa hapa, mama zao wote wanamjua na kumlaani. Ua lilikuja na wazungu. "Na wazungu wameenda, lenyewe limebaki," akasema mmoja, na diregiteri akakohoa.

Nimefikiria mengi juu ya viumbe hawa tangu siku ile, pengine kuliko inavyofaa. Lile ua halipendi joto letu. Hapa kando ya ziwa ni la kubembelezwa. Usipolimwagilia kiangazi linanyong'onyea na kukauka kwa aibu. Kirungu, kwenye ubaridi, linatambaa lenyewe hata mahali ambapo hakuna aliyelipanda. Kwa hiyo hapa kwetu linaishi mahali pasipolifaa, kwa sababu tu kuna mtu aliyelitia ardhini na mtu mwingine anayebeba ndoo. Ndege hahitaji ndoo ya mtu. Mpunga ukiisha anakwenda kwenye majani, majani yakichomwa anavuka bonde, na hatukani alikotoka. Mimi nimewahi kumwona ndege mjinga kwa kutokuwa na kwao, na nimewahi kuliona ua jinga kwa kutojua kukimbia. Inategemea mwaka.

Lakini siku ile sikuwa na falsafa, nilikuwa na ndege aliyechoka kuonyeshwa. Alijisukuma chini ya kifuniko, akatoka, akaruka moja kwa moja mpaka kwenye boriti ya paa, akakaa juu ya vichwa vyetu. Darasa likalipuka. "Ameenda! Ameenda!" Nikajua sasa ni kweli kwisha. Somo si lile aliloagiza, kitu chenyewe kimetoroka, watoto wamesimama juu ya mabenchi.

Inspekteri akasogea mbele. Wasichana wakakaa wote. Alimtazama ndege boritini muda mrefu, akalitazama ua mezani, halafu akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha Kongolo, cha nyumbani kabisa:

"Sawa. Niambieni. Kama Mungu angekupa kuchagua, ungependa kuwa ndege ao ua?"

"Ndege!" Walipiga kelele wote.

"Kwa nini?"

"Anaruka!" "Anakula mupunga bila kulima!" "Wakipiga bunduki, anakimbia!" Hili la mwisho lilirudiwa na wengi, kwa furaha, kama jibu la hesabu walilolijua.

"Hakuna wa ua?"

Mkono mmoja uliinuka nyuma. Ulikuwa wa mtoto ambaye kwa kawaida hakuinua mkono, mdogo kuliko wenzake, aliyekaa na bibi yake karibu na soko. Wote tulijua habari yake. Siku moja ya milio ya bunduki, mama yake alikuwa bandarini akinunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kichanga mgongoni. Watu wakakimbilia mashua, naye akasukumwa pamoja nao, na mashua ikavuka. Tangu hapo hakukuwa na neno kutoka ng'ambo.

"Wewe unataka kuwa ua?" akauliza inspekteri.

"Ndiyo, Bwana."

"Kwa nini?"

"Ua haliondoki." Alisema akitazama meza yake. "Mama akirudi, atanikuta palepale."

Hakuna aliyecheka. Hawa wasichana wangu, waliocheka hata mtu akipiga chafya, hawakucheka. Mimi niligeukia ubao na kufuta kitu ambacho hakikuandikwa, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa. Inspekteri aliitikia kwa kichwa, mara mbili tatu, kama mtu aliyepewa jibu sahihi na hajui afanye nini nalo. Kisha akarudisha kalamu mfukoni na kutuashiria mimi na diregiteri tutoke nje.

Barazani alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai.

"Hilo halikuwa somo nililoagiza."

"Ndiyo, Bwana Inspekteri."

"*Le* na *la*, ujifunze. Si mambo ya mchezo."

"Ndiyo, Bwana Inspekteri."

"Yule mutoto anasemaga siku zote?"

"Hapana. Leo ni mara ya kwanza mwaka huu."

Akavaa miwani. Akamwambia diregiteri, "Huyu asiondolewe hapa," akashuka ngazi. Diregiteri alinishika mkono, akautikisa kwa nguvu, mkono wake ukiwa bado umelowa.

Nilikimbia nyumbani mchana ule, mwalimu mzima, kitenge mkononi, nikipiga kelele tangu kwenye njia ya reli. Papa alinisikiliza akiwa amesimama. Akavua kofia, akaigeuza geuza. "Neno ni neno," akasema, akaingia ndani. Nilimgeukia Mama, nikingoja vigelegele. Mama alikuwa anapepeta mpunga. Aliendelea kupepeta. Nilikasirika, nikawaza, hata leo? Hata leo hawezi kufurahi kwa ajili yangu? Nilikuwa nimeshinda, na niliona uchungu kushinda peke yangu.

Mpunga ulipokauka walifunga mizigo. Siku ya meli niliwasindikiza bandarini, nimembeba mdogo wangu wa mwisho mgongoni mpaka kwenye ngazi ya meli. Nilikuwa nachangamka sana, nasema sana, nawatania. Mama alipanda wa mwisho. Alirudi hatua mbili, akanishika uso kwa mikono yote miwili, mikono yenye harufu ya pumba.

"Usihame kwa shangazi yako bila kuniletea habari," akasema. "Nikirudi sitaki kuulizauliza watu."

"Sitahama, Mama."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakupiga vigelegele. Meli ilijiondoa, ikageuka kuelekea kusini, na mimi niliyepigania kubaki kwa kelele zote zile, nikasimama pale nikilia mpaka mama mmoja muuza samaki akaniuliza kama nimefiwa.

Jumatatu nilisukuma mlango wa darasa na uso uliovimba. Wasichana wakasimama. Niliwaambia wakae, nikachukua chaki, nikageukia ubao, na mkono haukuandika. Nilijaribu tena. Nikasikia mabenchi yakinong'ona nyuma yangu. Nikatembea mpaka nyuma ya darasa, nikijifanya nakagua madaftari, na nikasimama karibu na yule mtoto kwa sababu miguu ilikataa kwenda mbele.

Aliinua macho, akanichunguza.

"Mamuzele, na mama yako amepanda?"

"Amepanda."

Hakuniuliza atarudi lini. Alisogeza daftari lake, akamsukuma jirani yake kwa kiwiko, akasogea, akaniachia nafasi kwenye benchi.